Mtoto na simu: kabla hujahesabu masaa, elewa kwanza unahesabu nini

Juzi kwenye kikao chetu cha vikoba huku Ilazo, Dodoma, hesabu za hisa ziliisha mapema tu, kilichotuweka mpaka giza likaingia ni habari ya watoto na simu. Mmoja kasikia Australia wamewapiga watoto marufuku mitandao, akawa anasema jamani na sisi tuwanyang'anye tu yaishe. Mwingine binti yake wa miaka minne anaongea Kiingereza cha kwenye katuni, kwahiyo kwake simu ni mwalimu, tena wa bure. Alikuwepo na mama mmoja mtu mzima, muda wote kimya, alafu akasema mjukuu wake ana miaka mitatu haongei, na majirani wameshamwambia huo ni usonji (autism), umeletwa na simu, na aliyempa mtoto simu ni yeye bibi. Akaanza kulia pale pale mbele yetu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na nafundisha darasa la awali, haya mambo nayaona nyumbani na nayaona kazini, na kilichoniuma siku ile ni kwamba kila mtu alikuwa ameshika kipande cha ukweli lakini kila mmoja anaongelea kitu chake, na wote wanakiita "simu". Ngoja nijaribu kukifumua taratibu.

Tuanze na hili neno "muda wa skrini" mana ndo linatajwa kila mahali. Skrini ni kioo chochote chenye picha zinazotembea, iwe simu, tableti, kompyuta, na hata ile TV ya ukutani. Nasema hivi kwasababu wapo wanaojisifu "wangu mimi hagusi simu" wakati king'amuzi kinawaka toka asubuhi mpaka baba anarudi kutoka kazini Mtumba. Sasa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 walitoa mwongozo wa watoto chini ya miaka 5, na humo wakaongelea muda ambao mtoto amekaa tu, hajishughulishi, macho kwenye skrini. Mtoto chini ya mwaka 1 wakasema asiwekwe kabisa, wa mwaka 1 pia haishauriwi, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora zaidi.

Hiyo saa 1 ndo watu wanaibeba peke yake, wanaisahau nusu ya pili. Mwongozo ule ule unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala masaa 10 mpaka 13 kwa siku, na kuwa kwenye mwendo, kukimbia kuruka kucheza, angalau dakika 180. Yani waliipanga siku nzima ya mtoto, skrini ikawa kipande kimoja tu cha hiyo siku. Ifikirie kama ndoo ya lita 20, haiongezeki hata ufanyeje, ukijaza kitu kimoja sana kuna kingine kinamwagika. Kwahiyo swali la kwanza mi huwa siulizi mtoto ameangalia masaa mangapi, nauliza hiyo simu imemwaga nini. Imemwaga usingizi? Imemwaga mchezo wa nje? Imemwaga mazungumzo yake na watu wa nyumbani? Kama vyote vipo mahali pake, ile nusu saa ya katuni wakati dada anageuza ugali haijamharibu mtoto, na huyo dada asisemwe. Ana miaka 19, ana nguo za kufua, ana maji ya kukinga, ana mtoto mgongoni, simu ndo msaidizi pekee aliyeachiwa.

Hapo kwenye mazungumzo nitakaa kidogo mana ndo penye uzito.

Disemba 2021 serikali ilizindua hapa hapa Dodoma programu ya malezi ya watoto wadogo, ina jina refu kweli, wengi wanaifahamu kwa kifupi chake PJT-MMMAM, na ndani yake kuna maneno "malezi yenye mwitikio". Watu wanayasikia kwenye semina wanaitikia wanarudi nyumbani. Maana yake ni nyepesi sana, ni kama kurushiana mpira. Mtoto anarusha: ananyoosha kidole anasema "ng'o". Wewe unaudaka unamrudishia: "Ee, ng'ombe yule, anaenda kunywa maji eti." Anarusha tena. Ubongo wa mtoto mdogo unajengeka kwenye huo mpira unaoenda na kurudi, mara mia kwa siku, jikoni, njiani, wakati wa kuoga.

Katuni inarusha mpira lakini haidaki. Mtoto akisema "ng'o" katuni inaendelea na habari zake. Ndo mana watoto chini ya miaka 2 wanajifunza maneno machache sana kwa kuangalia vidio ukilinganisha na kuongeleshwa na mtu aliye mbele yao, hili watafiti wameliona mara nyingi. Na ndo mana madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2016, waliwakataza watoto wa chini ya miezi 18 kuangalia skrini isipokuwa kitu kimoja, kupiga simu ya vidio na ndugu. Bibi yao wanangu yuko Mpwapwa, akipiga anamwambia wa mwisho "mbukwa!", salamu ya Kigogo, mtoto anacheka anajaribu kuitikia, bibi anacheka zaidi, anarudia. Pale mpira unaenda na kurudi. Simu ni ile ile, kioo kile kile, lakini hicho sio kitu kimoja na katuni hata ukihesabu dakika zikalingana. Familia nyingi hapa mjini baba yuko Dar au mama kahamishwa kikazi, msiogope kabisa kumpigia mtoto vidio eti mnalinda muda wa skrini.

Na kile Kiingereza cha katuni. Nimewahi kuwa na mtoto darasani anahesabu wan tuu thrii mpaka ishirini bila kukosea, mama yake ana fahari nae kweli. Siku moja nikamwagia vizibo vya soda mezani nikamwambia naomba vitatu. Akanipa vyote. Nikarudia taratibu, vi-ta-tu, akashika kiganja kizima akanipa tena. Alikuwa anajua wimbo wa namba, namba zenyewe bado. Hakuwa mzito yule mtoto, wiki mbili tu za kupangiana vizibo akawa ameshika. Ndo uone sauti inaweza kuingia kichwani bila maana yake kuingia. Katuni nzuri inasaidia, sikatai, ila inasaidia pale mtu mzima anapokaa pembeni anauliza "huyu sungura kapanda ngapi?" alafu kesho mnapanda na nyie mbegu za mchicha uani.

Sasa tuje kwenye kilio. Unajua kile kilio, umemwambia mtoto lete simu, anajitupa chini kama kachomwa moto, na wageni wapo. Wengi tunahitimisha kwamba mtoto kaharibika au ana kiburi. Jaribu kuliangalia hivi: sisi tulipokuwa wadogo katuni ilikuwa na mwisho wake. Inaisha, nyimbo inapiga, majina yanapanda, alafu saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza, hakuna aliyetufukuza, tulijiondokea wenyewe mana hakuna mtoto anayetaka kusikiliza bunge. Vidio za leo zinajiendeleza zenyewe. Ikiisha hii sekunde chache ijayo inaanza. Ni kama umempa mtoto sahani ya wali ambayo kila akila inajijaza, hauoni mwisho wa sahani, sasa atajuaje kwamba ameshiba? Alafu wewe unakuja unaipokonya kijiko kikiwa mdomoni. Hata mtu mzima angekasirika, na wengi wetu tunaujua mkono wetu wenyewe usiku tunavyoperuzi tukisema hii ya mwisho.

Na hiyo ijayo inachaguliwa na nini? Na kitu kinaitwa algoridhimu, neno linatisha bure. Ni utaratibu tu wa hesabu ambao kompyuta inaufuata. Mfikirie mwenye duka la mtaani ambaye kila mtoto akija anatazama macho yake yametua wapi, akaona yametua kwenye biskuti fulani kwa muda mrefu, kesho anaziweka hizo mbele kabisa, keshokutwa anaongeza zenye sukari zaidi zinazofanana nazo. Hamjui mtoto wako, hamchukii, hajali kama meno yataoza, anachopima ni jicho limekaa muda gani. Kwahiyo mtoto alianza na nyimbo ya herufi, baada ya masaa mawili umemkuta anaangalia mtu mzima anafungua mayai ya plastiki anapiga kelele. Hakutafuta hicho kitu, kiliwekwa mbele yake.

Hapa ndo unakufa ule uongo wa kwamba katuni zote ni za watoto. Mwaka 2017 kulikuwa na kashfa kubwa, YouTube ilikutwa na vidio nyingi zenye wahusika wa katuni wanaopendwa na watoto lakini ndani zina damu, sindano, ukatili na mambo ya aibu, na zilikuwa zinapita kwenye mfululizo ule ule wa watoto. Nyingi zilifutwa, ila funzo lipo: picha ya juu haikwambii kilichomo ndani. YouTube wana programu ya watoto inaitwa YouTube Kids toka 2015, ni bora kuliko YouTube ya wakubwa, na kwenye setingi zake kuna sehemu mzazi unachagua mwenyewe vidio na chaneli anazoruhusiwa tu, nyingine haoni kabisa. Hiyo ndo ya kutumia, mana chujio la mashine peke yake huwa linapitisha vitu.

Nikwambie nilichofanya kwangu, kwa huyu wa miaka minne. Niliacha kumpa intaneti, nikaanza kumpa vidio. Asubuhi au usiku nikiwa na bando nadownload vidio tatu fupi, za Kiswahili kama zipo, nazima data, namwambia ziko tatu tunahesabu pamoja, moja, mbili, ya tatu ikiisha simu inaenda kulala kabatini. Siku ya kwanza alilia kama kawaida, ya pili akalia, sikuongeza ya nne hata moja mana ukiongeza siku moja umemfundisha kwamba kilio ni nywila. Kama siku ya tano hivi ile ya tatu ikaisha, kioo kikatulia, akakaa anakiangalia, alafu akaja nacho jikoni akanipa mkononi. "Mama imeisha." Sahani ilikuwa imeonyesha mwisho wake. Na bando nalo lilipona, hiyo faida sikuitegemea.

Kwa simu ya mzazi, yenye M-Pesa na meseji za kazini, ya Android kuna uwezo wa kufunga skrini ibaki kwenye programu moja tu, na ukiwasha na sehemu ya kuomba namba ya siri mtoto hawezi kutoka bila hiyo namba, uko kwenye setingi upande wa usalama. Na ununuzi kwenye duka la programu uwekee nywila. Ukitaka kusimamia simu ya mtoto mwenyewe Google wana programu inaitwa Family Link, ya bure. Lakini usiweke vyote hivyo ukapumzika ukadhani kazi imeisha, mtoto wa darasa la sita anajua namba yako ya siri kabla hujaiweka.

Usiku ni habari fupi ila nzito. Basi la shule linampitia mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri, mnaokaa Nzuguni na Kisasa mnanielewa. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala masaa 9 mpaka 12. Hesabu nyuma masaa 9 tu, ile ya chini kabisa: anatakiwa awe ameshalala kabla ya saa mbili na nusu usiku, mana lazima aamke ajiandae kabla basi halijafika. Mwanga wa kioo karibu na macho unachelewesha homoni ya usingizi, na gemu au vidio ya kusisimua inamweka macho zaidi hata ya huo mwanga. Kwangu simu zote zinachajiwa sebuleni, ya kwangu pia, mana mtoto anaona.

Mionzi naiulizwa kila siku. Mawimbi ya simu ni ya jamii moja na ya redio, hayana nguvu ya kuvunja vinasaba vya mwili kama mionzi ya X-ray, na taasisi ya saratani ya WHO mwaka 2011 iliyaweka kundi la "huenda" yanaleta saratani, kwasababu ushahidi ni mdogo. Kinachonisumbua mimi ni macho: kutazama kitu cha karibu muda mrefu na kukosa kukaa nje kwenye mwanga wa mchana kunahusiana na watoto kushindwa kuona mbali. Na jua Dodoma tunalo, mtoeni nje acheze, asubuhi na jioni likipoa.

Turudi Australia. Sheria yao ilipitishwa Novemba 2024 ikaanza kazi tarehe 10 Disemba 2025, na inahusu akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16, kama TikTok, Instagram na Snapchat. Simu haijakatazwa, intaneti haijakatazwa, WhatsApp na YouTube Kids hazimo. Anayeadhibiwa ni kampuni isiyozuia hizo akaunti, mtoto na mzazi hawaguswi. Kwahiyo anayesema "wenzetu wamefuta simu" kasikia vibaya.

Na kuna hii ya miaka 13 inayoandikwa kwenye programu nyingi, mzazi anasubiri birthday ya 13 kama vile daktari kasema mtoto sasa yuko tayari. Hapana. Hiyo namba imetoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ni namba ya mambo ya taarifa. Ukomavu wa mwanao unaujua wewe, wapo wa 13 ambao bado, na wa 15 ambao bado.

Kwa hawa wakubwa ndo swali linahama kutoka "anaangalia nini" kwenda "anaongea na nani". Kipindi cha likizo ya Juni ndo kinatisha, mana shuleni simu haziruhusiwi kisha nyumbani anaachiwa mwezi mzima. Anayemtafuta mtoto vibaya anaanza na sifa, vocha ya buku, anamsikiliza kuliko nyumbani wanavyomsikiliza, alafu anaomba picha, akishaipata anatishia kuisambaza. Na mara nyingi sio mgeni wa mbali, ni mtu anayefahamika na mtoto, rafiki wa familia, jamaa wa mtaani. Mtoto anaogopa kusema kwasababu anajua jambo la kwanza utakalofanya ni kumpiga na kuchukua simu. Hilo nawaomba sana wazazi wenzangu, mwambieni mapema, kabla hakijatokea chochote, kwamba akikuletea jambo kama hilo hatapigwa na simu haitachukuliwa. Alafu likija litimize. Msifute meseji, huo ni ushahidi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa picha za ngono za watoto moja kwa moja. Mnaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au mnapiga 116, namba ya kuwasaidia watoto, bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Nimemwacha yule bibi mwisho mana yeye ndo sababu ya mimi kuandika.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana, urithi una mchango mkubwa, na haijathibitishwa kwamba simu inausababisha. Kinachochanganya watu ni kwamba mtoto mwenye usonji mara nyingi anapenda skrini, mana inajirudia na haimshtukizi, kwahiyo wanaona mtoto na simu wanasema simu imeleta. Wakati huo huo mtoto asiye na usonji akikaa mbele ya skrini siku nzima bila wa kumrushia mpira anaweza kuchelewa kuongea, huyu ukimwondoa pale ukamwongelesha anabadilika. Na kuna wa tatu ambaye hasikii vizuri, kila mtu anadhani hataki kuongea kumbe sauti hazimfikii. Kwa macho ya kwenye kikao hakuna anayeweza kuwatofautisha hawa watatu, sio mimi, sio jirani. Mtoto wa miaka 3 asiyeongea anapelekwa hospitali, anaanza kupimwa masikio.

Nilimfata bibi kwake jumamosi. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu nimekuta imezimwa iko juu ya kabati, ameizima toka siku ile, na yeye bibi hakujua sasa amfanyie nini badala yake. Tukakaa wote watatu tunabangua karanga. Kila ganda likipasuka nasema "pwa!" namtazama mtoto nasubiri. Ile ya kusubiri ndo ngumu, mtu mzima anataka kujaza kimya. Alitazama mdomo wangu mara nyingi sana, sauti hakutoa, ila karanga ya kumi na kitu akaichukua mwenyewe akaiweka kwenye kiganja changu, akanitazama, akasubiri.

Nikasema "pwa". Akachukua nyingine.

Alhamisi tunampeleka hospitali ya rufaa ya mkoa kupimwa masikio, nimeshaomba ruhusa ya nusu siku.